Mazishi ya kimila kwa kifurushi: tathmini ya huduma kutoka Dar es Salaam hadi Marangu

Kampuni za huduma za mazishi jijini Dar es Salaam sasa zinauza kitu ambacho wazazi wetu hawakuwahi kukinunua, nacho ni mazishi ya kimila yaliyokwisha kupangwa, yakiwa na bei moja. Kifurushi hukusanya utunzaji wa mwili, jeneza, gari la kubebea mwili, basi la waombolezaji, mapambo, mwongozaji wa shughuli, wapiga picha na, kwa wanaotaka, sehemu ya mila ya kabila la marehemu. Familia yetu ilipofiwa na baba mkubwa, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam kwa mwanawe, nilipewa ukatibu wa kamati ya mazishi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupitia mapendekezo ya kampuni mojawapo kipengele kwa kipengele. Kampuni yenyewe siitaji, kwa kuwa vifurushi vya aina hii vinafanana sana na ninachokipima ni huduma, si ubao wa mlangoni. Maoni yangu nayaweka wazi tangu sasa: katika utunzaji wa mwili na katika safari, kampuni ile ilistahili kila shilingi iliyolipwa, katika mila haikustahili kitu, na familia yenye fedha za kuhesabu haina sababu ya kununua jambo ambalo ukoo wake unalijua na unalifanya bila malipo.

Jambo lililotusaidia kuliko yote lilifanyika kabla hatujaonana na mtu yeyote wa kampuni. Kamati ilikaa usiku wa kwanza ikaweka ukomo wa shilingi 8,000,000 kwa shughuli nzima, kuanzia msiba wa Dar es Salaam hadi kuondoa matanga kule nyumbani, na ikakubaliana kwamba katika hesabu zitaingia fedha zilizokwisha kupokelewa tu. Anayejua misiba yetu anaelewa uzito wa sharti hilo. Chama cha kufa na kuzikana hutoa kiasi chake kilichoandikwa kwenye katiba, na hicho hakina shaka. Lakini kundi la WhatsApp la michango hujaa ahadi, na ahadi haitii mafuta kwenye gari. Mweka hazina wetu, ambaye ni binti wa marehemu na ni mhasibu kwa kazi yake, alikuwa akisoma kila jioni kiasi kilichoingia kwa M-Pesa na kwa mkono, bila kusoma ahadi hata moja. Kampuni nyingi hudai malipo makubwa ya awali kabla ya kuanza kazi, na familia isiyotofautisha fedha na ahadi hujikuta imesaini mkataba wa fedha ambazo haina.

Mratibu wa kampuni alikuja nyumbani kwa wafiwa akiwa amevaa kwa heshima, akawapa wazee pole, akasubiri hadi alipoombwa kuzungumza. Katika hilo sina la kulalamika. Alikuwa na kitabu cha picha na bei, na kifurushi alichotupendekezea, kile cha mila, kilikuwa shilingi 8,400,000 bila chakula. Nilipomwomba mchanganuo alisema kwanza kwamba kifurushi hakigawanyiki. Mzee mmoja wa ukoo akamwambia kwa upole kabisa kwamba, kama ni hivyo, tungetafuta mwingine ambaye chake kinagawanyika, na kabla ya saa sita mchana wa siku iliyofuata mchanganuo ulikuwa mezani, umeandikwa vizuri, kila kitu na bei yake. Kwa hiyo kifurushi kinagawanyika, isipokuwa kwamba kampuni haitakuambia hivyo mpaka uulize.

Tulichukua vitu vitatu: utunzaji wa mwili kwa shilingi 300,000, jeneza la shilingi 750,000, na gari la kusafirishia mwili kwa shilingi 1,600,000.

Kuhusu utunzaji wa mwili, hapa ndipo kampuni ilipoonyesha ubora wake. Kutoka Dar es Salaam hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 500, na njia hupita maeneo ya joto ya Korogwe, Mombo na Same kabla ya kufika kwenye baridi ya mlimani. Kisha, tofauti na mazishi mengi ya makaburi ya Kinondoni, jeneza letu lilikuwa lifunguliwe tena nyumbani ili ndugu waliobaki kijijini wapate kuaga. Mwili usiotiwa dawa kwa ustadi hauvumilii safari hiyo. Watumishi wa kampuni walifanya kazi yao katika chumba cha maiti cha hospitali kwa utulivu, wakaruhusu watoto wawili wa kiume wa marehemu na mzee mmoja wa kanisa kushiriki katika kumvisha, na hawakuharakisha mtu. Suti aliyovishwa ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiivaa Jumapili. Kampuni ilikuwa na suti za kuuza pia, lakini mratibu hakuzitaja hata mara moja baada ya kuona familia imekuja na nguo, na ustaarabu huo mdogo ulinipendeza.

Jeneza linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndicho kitu ambacho familia hununua kwa macho. Lile lililokuwa ndani ya kifurushi lilikuwa na bei ya shilingi 1,900,000, likiwa limeng'arishwa kama meza ya hotelini. Nilipogonga ubavuni nikagundua kwamba ni ubao wa vumbi la mbao lililoshindiliwa na kubandikwa gamba jembamba la juu. Ubao wa namna hiyo ni mzito, haupendi unyevu, na misumari yake haishiki sana. Vipini vyake vya rangi ya dhahabu vilikuwa vya plastiki, vya kupendeza tu, na fundi wao alikiri kwamba wabebaji wanapaswa kushika chini ya jeneza. Sasa, atakayezikwa Marangu hafikishwi kaburini kwa gari. Gari husimama barabarani, na kutoka hapo jeneza hubebwa begani kwenye njia nyembamba inayopanda na kushuka kati ya migomba, mara nyingi ardhi ikiwa na utelezi. Tulichagua la msonobari mtupu lililopakwa vanishi, jepesi, lenye vipini vya chuma vilivyopitishiwa skrubu hadi ndani. Mafundi walio karibu na hospitali kubwa za jiji wanaweza kutengeneza la namna hiyo kwa bei ya chini zaidi, lakini hatukuwa na mtu wa kusimama nao, na kampuni ilifanya jambo moja ambalo fundi wa kando ya barabara huenda asingelikumbuka: siku moja kabla ya safari ilitutumia vipimo vya jeneza kwa ujumbe wa simu, urefu, upana na kimo pamoja na vipini, ili tuwatumie vijana waliokuwa wakichimba kaburi.

Nije kwenye sehemu ya mila, ambayo ndiyo iliyokipa kifurushi jina lake na sehemu kubwa ya bei yake. Kwa mujibu wa mchanganuo, ilikuwa na kikundi cha ngoma, wabebaji sita wenye suti nyeusi wanaotembea kwa mwendo wa gwaride, mtungi wa maonyesho wa mbege, yaani pombe ya ndizi ya Kichaga, chombo cha masale, mmea wa kimila wa Wachaga, yaliyopambwa kwa utepe, mashine ya kushushia jeneza, na zulia la kijani la kuzungushia kaburi ili udongo usionekane. Mtu aliyeipanga orodha hiyo hakuwa na nia mbaya. Bila shaka amehudhuria mazishi mengi, akachukua kidogo kutoka kila kabila na kidogo kutoka kwenye video za nchi nyingine, akavishona pamoja. Lakini hakumuuliza mtu wa Marangu.

Kwa Wachaga wa Marangu, kama ilivyo kwa wale wa Machame, Kibosho au Rombo, mazishi ya kimila maana yake ya kwanza ni mahali. Mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa alilorithi kutoka kwa baba yake, ambamo nyumba ya walio hai na makaburi ya waliotangulia yako pamoja. Kabla ya wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig kuanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, mzee mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa ikahamishiwa kwenye migomba, mahali palipotiwa alama kwa masale. Kanisa liliondoa desturi ya kufukua, likaleta jeneza, msalaba na mchungaji, lakini mahali hapakubadilika, na hata leo mchaga aliyeishi Dar es Salaam kwa miaka arobaini hurudishwa kwenye kihamba chake. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, fedha za msiba wa namna hii zinapaswa kuelekezwa kwanza kwenye safari: mtu akishafikishwa nyumbani, sehemu kubwa ya mila imekwisha kutimia.

Masale yenyewe yana kazi nyingi mlimani. Hupandwa mpakani mwa vihamba ili kuzuia ugomvi, huwekwa makaburini, na jani lake lililofungwa fundo hutumwa kwa mtu uliyemkosea, naye huona vigumu sana kukataa msamaha unaoombwa kwa jani hilo. Katika mchanganuo wa kampuni, chombo cha masale kilikuwa shilingi 120,000. Nilipompigia simu shangazi, dada wa marehemu ambaye hajawahi kuhama Marangu, nikamsomea orodha, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Mwanangu, mwambie huyo kijana kwamba masale tunayo mpakani kwetu, na aliyeyapanda ni baba yake huyo tunayemzika. Hayo ya dukani yamepandwa na nani?" Mratibu, na hili nalisema kwa kumsifu, alipoelezwa jibu hilo alikifuta kipengele mwenyewe na kuniomba nimwambie shangazi kwamba anamshukuru.

Wabebaji wa gwaride tuliwakataa kwa sababu ambayo haihusiani na fedha. Kwetu, kubeba jeneza ni haki ya watoto wa kiume, wapwa na wakwe, na wakati mwingine wanaobishana juu ya nafasi ya mbele ni ndugu ambao hawajasemezana kwa muda mrefu. Ukiwapa kazi hiyo watu waliokodiwa umewanyima ndugu hao sababu ya kushika kitu kimoja. Mashine ya kushushia jeneza nayo ingehitaji kingo zilizo tambarare, wakati kaburi la baba mkubwa lilichimbwa mahali penye mteremko. Vijana wa kitongoji walishusha kwa kamba, bila haraka, kama walivyoshusha wengine wengi. Kuhusu zulia la kijani nitasema tu kwamba kule nyumbani hakuna anayeondoka kaburini kabla ya tuta kukamilika. Watoto hutupa udongo, wajukuu hutupa udongo, kisha wanaume hupokezana koleo hadi mwisho, kwaya ikiwa inaimba, na ndipo mashada huwekwa kwa kuitwa majina. Kuficha udongo katika shughuli ambayo udongo ndio kazi yenyewe ni jambo ambalo sikuweza kumweleza shangazi kwenye simu.

Ngoma ilikuwa kosa kubwa zaidi. Usharika wa Kilutheri mlimani huzika kwa kwaya na matarumbeta, na sauti ya matarumbeta ikisikika inapanda bondeni, watu walio mashambani hujua kuna msiba na kwa kawaida hujua ni wa nani. Urithi huo uliletwa na wamisionari wa Kijerumani, lakini kwa sasa ni mali ya wenyeji kiasi kwamba anayeleta kikundi cha ngoma kutoka mjini ndiye anayeonekana kuleta ugeni. Matarumbeta ya usharika hayakuwa na bei. Tulitoa nauli na chakula, na viongozi wake walikuja wenyewe kuuliza saa. Mbege, kwa upande wake, hainywewi katika ibada, bali huandaliwa pembeni kwa ajili ya wazee baada ya mazishi, na kwa kuwa hutengenezwa kwa ndizi mbivu, ulezi na gome chungu la msesewe, huhitaji siku kadhaa kabla haijafaa kunywewa. Anayeitaka mbege nzuri siku ya mazishi au ya kuondoa matanga huagiza siku ileile habari ya kifo inapofika. Mtungi wa maonyesho uliosafirishwa kutoka Dar es Salaam ungefika umechacha.

Ni haki kusema kwamba mshauri wao wa mila, ambaye nilizungumza naye kwa simu, alikiri bila kuzunguka kwamba yeye anatoka mkoa mwingine na kwamba kwa Kilimanjaro hutegemea alichosikia kwa wateja. Familia ambayo imepoteza mawasiliano na kijiji, au ambayo wazee wake wote wamekwisha kufariki, inaweza kufaidika na mtu wa kuwauliza maswali na kuwaelekeza kwa mchungaji au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Lakini simu moja kwa shangazi inatoa huduma hiyohiyo.

Safari ndiyo sehemu ambayo, kama ningeombwa kutoa alama, ningeipa nyingi. Gari lilikuwa safi, lenye viti vya ndugu wanne pembeni mwa jeneza, na lilikuja na madereva wawili, sharti tuliloliandika kwenye mkataba na ambalo nalishauri kwa kila anayesafirisha mwili usiku. Desturi ya safari hizi ni kuaga mwili mchana, kuondoka jioni, kusafiri usiku kucha kupitia Chalinze na Segera, na kufika alfajiri ili mazishi yafanyike siku hiyohiyo. Dereva mmoja aliyeshinda mchana akisubiri ibada iishe hafai kukabidhiwa usiku wa namna hiyo. Hati zote, yaani kibali cha kusafirisha mwili na karatasi za hospitali, ziliwekwa kwenye jalada moja mbele ya dereva, na kila tulipoulizwa njiani zilitolewa bila familia kusumbuliwa. Mratibu alipanga vituo vya mapumziko mapema, akawapa madereva wa magari yote namba za simu, na akakataza gari lolote kulipita lile lenye mwili. Tulipoacha barabara kuu pale Himo na kuanza kupanda, ndugu walikuwa wanatusubiri kama alivyokuwa ameelewana nao.

Basi la waombolezaji tulilitafuta nje ya kampuni. Wao walitaka shilingi 2,600,000 kwa Coaster ya kwenda na kurudi. Mmiliki mwingine, aliyependekezwa na jirani, alikubali shilingi 1,800,000 akiwa na kibali cha safari hiyo kutoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ambacho tulikiona kwa macho kabla ya kulipa. Tofauti ya shilingi 800,000 inatosha kununua sehemu kubwa ya ng'ombe wa msiba. Niongeze kwamba msiba wetu haukutokea Desemba. Mwezi huo, Wachaga wanapopanda mlimani kwa ajili ya sikukuu, magari ya kukodi huwa adimu na bei hubadilika kabisa, na huenda kampuni yenye magari yake mwenyewe ikawa chaguo la busara zaidi.

Vitu vilivyoyafanya mazishi yale yawe ya mwalimu yule, na si ya mtu mwingine yeyote, viligharimu kidogo kuliko vyote. Kampuni ilipendekeza kijitabu cha rangi cha kurasa 24 chenye picha za mishumaa na sifa ambazo zingemfaa marehemu yeyote. Sisi tulichapisha nakala 200 za kijitabu chembamba, jalada tu likiwa la rangi, kwa shilingi 900 kila kimoja, jumla shilingi 180,000. Ndani yake kulikuwa na wasifu ulioandikwa na watoto wake, shule zote alizofundisha kwa mfuatano wake, na nyimbo tatu alizokuwa akiomba ziimbwe kila alipopewa nafasi ya kuchagua. Fulana zenye picha yake hatukutengeneza, kwa kuwa alikwisha kusema akiwa mzima kwamba hataki uso wake uvaliwe kifuani na watu wanaokula pilau. Badala ya mwongozaji wa shughuli wa kukodi, mzee wa kanisa aliongoza, na dakika ambazo mwongozaji angezijaza kwa maneno yake walipewa wanafunzi wa zamani wa marehemu, baadhi yao wakiwa wazee wenye mvi. Kampuni ilikuwa tayari kurusha ibada mubashara kwa shilingi 600,000 kwa ajili ya ndugu walio nje ya nchi. Kijana mmoja wa familia aliirusha kwa simu, picha ikikatika mara kwa mara, na ndugu zetu walioko Uholanzi walisema waliona walichohitaji kuona.

Chakula hakikuwa sehemu ya kifurushi, nacho hakinihitaji maneno mengi. Kina mama wa usharika walipika, familia ikatoa ng'ombe, mchele, mafuta na kuni. Viti na maturubai tuliazima kwa kikundi cha kitongoji kwa shilingi 150,000. Gharama zote za Marangu, viti na maturubai yakiwamo, zilifika shilingi 2,100,000, na za siku za msiba jijini shilingi 900,000.

Lalamiko langu halisi linahusu malipo ya kusubiri. Gari la mwili lilichelewa kufika hospitali, ibada ya kuaga ikaanza nyuma ya saa iliyopangwa, na tulipomaliza tukadaiwa shilingi 150,000 kwa kumsubirisha dereva. Mkataba ulikuwa na mstari unaoruhusu malipo hayo, ila haukusema lolote kuhusu ucheleweshaji unaosababishwa na kampuni yenyewe. Mratibu alisikiliza, akaahidi kuuliza ofisini, na ofisini wakasema mkataba ni mkataba. Tulilipa, kwa sababu jeneza lilikuwa tayari ndani ya gari na hakuna mfiwa anayeweza kubishana katika hali hiyo, jambo ambalo naamini kampuni inalijua vizuri. Atakayesaini mkataba wa namna hii adai mstari wa pili, unaosema kwamba saa za kusubiri huhesabiwa kuanzia gari lilipofika na si kuanzia saa iliyoandikwa. Na adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila malipo. Sisi tulipewa bila shida tulipoomba, na risiti hizo zilikuwa na kazi ya pili: gharama za mazishi zinazokubalika hulipwa kwanza kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya madeni mengine, hivyo msimamizi wa mirathi aliyependekezwa kwenye kikao cha ukoo alikuwa na karatasi za kuonyesha alipokwenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao. Cheti cha kifo, ambacho kampuni ilitaka kukifuatilia kwa malipo, kilichukuliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na binti wa marehemu kwa kutumia karatasi za hospitali.

Kwa jumla, kampuni ilipokea kutoka kwetu shilingi 2,800,000, pamoja na hizo za kusubiri. Ukiongeza basi, vijitabu, viti na maturubai, vitu ambavyo kifurushi kizima kingevigharamia, tulitumia shilingi 4,930,000 badala ya 8,400,000, yaani pungufu ya shilingi 3,470,000, na hakuna mtu Marangu aliyeuliza ngoma iko wapi. Shughuli nzima ilifungwa kwa shilingi 7,780,000.

Zilizobaki, shilingi 220,000, zilisomwa na mweka hazina kwenye kikao cha kuondoa matanga, na zikaelekezwa kwenye kaburi. Kampuni imekwisha kututumia bei ya vigae na marumaru, pamoja na picha za makaburi iliyoyajenga sehemu nyingine, ikitaka kazi ianze mara moja. Fundi wa Marangu Mtoni aliyekuja kuliangalia kaburi alikataa kuligusa kwa sasa, akieleza kwamba udongo wa mteremko ule utaendelea kushuka na vigae vitapasuka kabla ya mwaka kwisha. Amepewa kazi hiyo yeye, naye ataianza masika yakishapita.